Mapezi yamepata ulinzi, mlango wa mto umesahauliwa

Tangu tarehe 25 Novemba 2023, mapezi, nyama na mazao mengine ya papa wa jamaa ya Carcharhinidae hayawezi kuvuka kihalali mpaka wa nchi mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, bila kibali maalumu. Uamuzi huo ulipitishwa mwaka mmoja kabla, katika mkutano wa wanachama uliofanyika Panama, na katika pwani yetu umepokewa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wavuvi na wachuuzi walioelewa kwamba papa amepigwa marufuku, na kwamba ng'onda, yaani papa mkavu, iliyopikwa kwa tui la nazi tangu enzi za mababu sasa imekuwa magendo. Wapo pia wapenda uhifadhi waliouona uamuzi huo kuwa ushindi uliokamilika, kana kwamba papa wamekwisha kuokolewa na sasa kinachotakiwa ni kuwasubiri waongezeke. Naamini pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo ni zito zaidi kwa papa mmoja ambaye wataalamu humwita Carcharhinus leucas, watu wa kusini mwa Afrika humwita papa wa Zambezi, na mimi hapa nitamwita papa fahali, kwa sababu ya mwili wake mnene na pua yake fupi iliyo butu. Hatima ya papa huyu huamuliwa kwa kiasi kikubwa pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari, na mahali hapo mkataba wa biashara hauna mkono.

Tuuweke sawa kwanza uamuzi wenyewe. Papa hawa wameingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, ambacho hakimkatazi mtu kuvua papa, kumuuza sokoni wala kumla. Kinachodaiwa ni kwamba mzigo unaotoka nchi moja kwenda nyingine uwe na kibali, na kibali hicho kisitolewe mpaka mamlaka ya kisayansi ya nchi inayouza iridhike kwamba biashara hiyo haitahatarisha uhai wa aina husika, na mamlaka ya utawala iridhike kwamba samaki huyo alipatikana kwa kufuata sheria. Ng'onda inayotoka Kilwa kwenda Dar es Salaam, au Pemba kwenda Tanga, haiguswi, kwa kuwa haikutoka nje ya nchi mwanachama. Ile inayotoka Lamu kwenda Unguja inaguswa, na hilo si jambo dogo katika bahari ambayo kwa karne nyingi majahazi ya Oman, Hadhramaut na Somalia yalishuka na pepo za kaskazi yakileta papa mkavu Mombasa na Unguja. Jambo linalosahaulika zaidi ni sababu iliyomfikisha papa fahali katika orodha hiyo. Pendekezo lililopelekwa Panama lilijengwa juu ya aina 19 zilizo katika hatari kubwa zaidi, na aina nyingine zote za jamaa hiyo ziliongezwa kwa sababu ya kufanana kwao, maana ofisa wa forodha hawezi kutazama gunia la mapezi makavu akatenganisha la huyu na la yule. Papa fahali, ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamweka katika ngazi iliyo ya chini kabisa ya viumbe walio hatarini kutoweka, aliingia kwa mlango huo wa kufanana. Analindwa kwa sababu pezi lake linaweza kuchanganywa na la mwenzake, na mahitaji yake mwenyewe ya kuishi hayakuwa ndiyo hoja.

Mahitaji hayo ni ya pekee kabisa. Papa wengi wa baharini wakitiwa katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, hufa, na sababu yake imo katika damu yao. Ili wasikaushwe na chumvi ya bahari, papa huhifadhi mwilini kiasi kikubwa cha yurea, ile taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo, hivi kwamba damu yao inakaribia kulingana na maji ya bahari kwa wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake. Damu ya namna hiyo ikiingia mtoni huyavuta maji yapenye kwa nguvu kupitia matamvua, na mwili hufurika. Papa fahali ameupata ufumbuzi ambao samaki wachache wa ukoo wake wameupata: anaposogea kwenye maji baridi hupunguza yurea katika damu, figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi huku zikizuia chumvi isipotee, matamvua hufyonza chumvi kidogo iliyomo katika maji ya mto, na tezi iliyo karibu na njia ya haja, ambayo baharini kazi yake ni kutoa chumvi nje, hupunguza kazi. Hata hivyo damu yake haifikii wepesi wa maji ya mto hata siku moja. Maji huendelea kupenya na figo huendelea kuyatoa, usiku na mchana, kwa gharama ya nguvu ambazo zingeweza kutumika kukua. Kwa uwezo huo amewahi kuonekana Iquitos nchini Peru, takribani kilomita 4,000 kutoka Bahari ya Atlantiki kwa kuufuata mto Amazon, na mwaka 1937 alivuliwa katika mto Mississippi huko Illinois, katikati ya Marekani.

Wanaosimulia habari hizi huishia kwenye mshangao, na mshangao huo umezaa dhana kwamba papa huyu ni kiumbe asiyeshindwa na mazingira yoyote. Swali la maana zaidi ni kwa nini anagharimika hivyo. Jibu linalokubaliwa na wengi wanaomchunguza ni kwamba mto ni chumba cha kulelea watoto. Jike hubeba mimba kwa miezi 10 hadi 11, huzaa watoto hai kuanzia 1 hadi 13 wenye urefu wa sentimita 55 hadi 80, na huwazaa katika milango ya mito au karibu nayo. Watoto hukaa humo kwa miaka kadhaa, kwa sababu adui mkubwa wa papa mchanga ni papa mkubwa, na papa wakubwa wa aina nyingine hawawezi kuwafuata kwenye maji yasiyo na chumvi ya kutosha. Basi gharama ya figo ni kodi anayoilipia mtoto ili asiliwe. Na hapo ndipo udhaifu ulipo: bahari ni pana na mtu mzima anaweza kupita popote, lakini milango ya mito inahesabika, ni myembamba, na karibu yote ina watu, nyavu, mashamba na miji. Mnyama anayechukua zaidi ya miaka 10 kupevuka, na katika Ghuba ya Mexico jike hufikia takribani miaka 18 kabla ya kuzaa, ameiweka akiba yake yote ya baadaye katika sehemu ileile ambayo binadamu huitumia kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani.

Nicaragua imetuachia mfano ulio wazi kuliko wote. Ziwa Nicaragua, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 8,000, lilikuwa na papa ambao tangu mwaka 1877 wanasayansi waliwahesabu kuwa aina ya peke yake, wakidhani walifungiwa humo na miamba ya volkano zamani za kale. Thomas Thorson wa Chuo Kikuu cha Nebraska aliwawekea papa alama katika miaka ya 1960 na kuendelea, na wale waliowekewa alama kwenye mlango wa mto San Juan, upande wa bahari ya Karibi, walivuliwa ziwani, na wa ziwani wakavuliwa baharini. Hawakuwa aina ya peke yake. Walikuwa papa fahali waliopanda na kushuka mto huo wenye maporomoko kwa hiari yao. Wakati maarifa hayo yanapatikana, kiwanda cha kusindika papa kilikuwa kikifanya kazi katika mji wa Granada kando ya ziwa, na uvuvi ulikuwa mkali ziwani na mtoni kote. Papa waliokuwa kitu cha kawaida kwa watu wa Granada wakawa nadra ndani ya kizazi kimoja, na pamoja nao papa upanga. Serikali ilipopiga marufuku uvuvi wao katika maji baridi mwaka 2006, palikuwa pamebaki wachache mno wa kulindwa. Bahari ya Karibi haikuwa imefungwa kwa muda wote huo, na papa fahali wa huko wangeweza kupanda tena. Hawakulijaza ziwa.

Sababu inayoweza kueleza jambo hilo imetolewa na uchunguzi wa vinasaba uliofanywa kaskazini mwa Australia, ulioonyesha kwamba majike hurejea kuzaa katika mito ileile, ilhali madume huzunguka. Ukilitazama hilo pamoja na safari ya jike mmoja mwenye mimba aliyefuatiliwa kwa chombo kutoka visiwa vya Shelisheli hadi kusini-mashariki mwa Madagaska, mwendo wa kilomita zisizopungua 2,000, kisha akarudi akiwa amekwisha kuzaa, utaona kwamba mipaka tunayoichora kwenye ramani haimhusu. Jike anayeishi katika maji ya nchi moja huweza kuutegemea mto wa nchi nyingine, na ukoo wa majike wanaouzoea mto fulani ukimalizwa, mito ya jirani haipeleki wengine upesi. Kwa hiyo nchi inayoharibu mlango wa mto mmoja huenda inapunguza papa wa nchi tatu, na hakuna karatasi ya kibali itakayoonyesha hasara hiyo, maana hakuna kilichouzwa nje.

Katika upande wetu wa Afrika, jambo hilo linaonekana vizuri zaidi katika mto uliompa papa huyu jina lake la kusini. Bwawa la Kariba lilikamilika mwaka 1959 na la Cahora Bassa likaanza kujazwa mwishoni mwa 1974, na tangu hapo mafuriko ya kila mwaka ya Zambezi yakapoteza mwendo wake wa asili. Watafiti waliofuatilia uvuvi wa kambamiti katika kina kifupi cha Sofala huko Msumbiji, mbele ya delta ya mto huo, walionyesha kwamba mavuno yao hufuata kiasi cha maji yanayoshuka mtoni. Mafuriko yakipungua, na kambamiti hupungua. Mtoto wa papa hula samaki na kambamiti hao, na mikoko inayowahifadhi inategemea tope na maji yaleyale. Kusini zaidi, ziwa la pwani la St Lucia katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambalo tangu zamani lilijulikana kuwa mahali pa malezi ya papa fahali, lilitenganishwa na mto Mfolozi katika miaka ya 1950 kwa hofu ya tope. Ukame ulipokuja, mlango wake ukafungwa na mchanga kuanzia 2002 na kubaki hivyo kwa sehemu kubwa ya miaka 10 iliyofuata. Hakuna mvuvi aliyewaondoa papa hapo. Walikosa mahali pa kupita.

Nayaleta haya kwa sababu Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, yaani majuma machache tu baada ya mkutano wa Panama. Matukio hayo mawili yalitangazwa kila moja kivyake, na sikuwahi kusikia yakizungumzwa pamoja. Delta ya Rufiji ina eneo kubwa la mikoko linaloongoza katika pwani ya Afrika Mashariki, ina maji ya chumvi kidogo yanayopanda na kushuka na bamvua, ina kambamiti na samaki wadogo, yaani ina kila kitu ambacho papa fahali hutafuta anapotaka kuzaa. Sidai kwamba bwawa halikupaswa kujengwa. Nchi inahitaji umeme, na mtu anayesoma kwa kibatari hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya papa. Ninachodai ni kwamba kiasi na majira ya maji yanayofunguliwa kupita bwawani ni jambo la uvuvi sawasawa na lilivyo la umeme. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa ajili ya mazingira. Akiba hiyo ikihesabiwa kwa wastani wa mwaka bila kutazama miezi ya mafuriko, delta itapata maji ya kutosha kwenye vitabu na kukosa yale yanayosukuma chumvi nje na kuleta tope. Mto Tana nchini Kenya, wenye mfululizo wa mabwawa ya umeme likiwemo Masinga la mwaka 1981, umekwisha kuwa na swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 40.

Ipo hoja ya upande mwingine ambayo haifai kupuuzwa, nayo ni ya usalama wa watu. Papa fahali ni mmoja wa papa watatu wanaohusishwa zaidi na mashambulizi kwa binadamu, na maji anayoyapenda, machafu ya tope na ya kina kifupi, ndiyo ambayo watu huoga na kufulia. Kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, kilipoteza kwa papa watu 11 kati ya mwaka 2011 na 2019, wengi wao wakiwa wateleza-mawimbi, na mwaka 2013 serikali ilizuia kuogelea na kuteleza nje ya maeneo yanayolindwa na miamba. Familia hizo zilizika watoto wao, na anayezungumzia uhifadhi bila kukumbuka hilo hastahili kusikilizwa. Wanaotetea uvuvi wa kuwapunguza papa karibu na fukwe husema kwamba tangu 2019 vifo vilikoma kwa miaka mingi, na hiyo ni hoja yenye uzito, ingawa katika kipindi hichohicho watu walipunguza sana kuingia majini na ulinzi wa fukwe uliongezwa, hivyo si rahisi kujua ni hatua ipi iliyofanya kazi. Ninachokikataa ni kuihamisha hoja hiyo kutoka Réunion na kuifanya sababu ya kutowajali papa hawa kila mahali. Fukwe chache zenye hatari iliyothibitishwa zinaweza kusimamiwa kwa hatua zake. Isitoshe, miongoni mwa maelezo yaliyotolewa kisiwani humo kuhusu kuongezeka kwa mashambulizi ni mabadiliko ya ardhi yenyewe: miji iliyokua upande wa magharibi na mashamba yaliyoanza kumwagiliwa huko, vikiteremsha maji baridi yenye tope kwenye fukwe ambazo awali zilikuwa na maji maangavu. Kama maelezo hayo ni sahihi hata kwa sehemu, basi yanaturudisha palepale kwenye maji yanayoshuka kutoka nchi kavu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba samaki anayeishi baharini, mtoni, ziwani na hata bwawani hawezi kutoweka, kwa kuwa akifukuzwa hapa atahamia pale. Huko Queensland, Australia, mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwaingiza papa fahali kadhaa katika ziwa dogo la uwanja wa gofu, maji yakashuka, nao wakabaki humo kwa takribani miaka 17. Kisa hicho kimekuwa ushahidi pendwa wa ustahimilivu wao. Nakisoma kinyume. Katika miaka yote hiyo hakukuwa na dalili kwamba walizaliana, idadi yao ilipungua mmoja baada ya mwingine, na mwishowe hawakuonekana tena. Mnyama alistahimili, ukoo haukuendelea. Kustahimili maji fulani na kuzaa humo ni mambo mawili, na hesabu ya uhifadhi huanzia kwenye la pili. Baridi kali ya Januari 2010 huko Florida ilionyesha upande mwingine wa jambo hilo, pale papa fahali wachanga wa mlango wa mto katika eneo la Everglades walipokufa au kukimbia kwa wingi kwa siku chache tu. Waliokufa ni walewale walioambiwa wanaweza kuishi popote.

Miaka michache iliyopita, katika diko moja kusini mwa Tanzania, mama mmoja aliyekuwa akikausha samaki alinionyesha rundo la papa wadogo wenye urefu wa mkono, walionaswa na jarife, wavu wa kutega. Alisema, "Hawa wa mlangoni mwa mto, mwanangu, nyama yao laini." Sikuweza kuthibitisha walikuwa wa aina gani, lakini kati ya mapezi yao ya kifuani kila mmoja alikuwa na kovu la kitovu lililo wazi bado. Walikuwa na umri wa siku, pengine majuma machache. Hawakuelekea bandarini, mapezi yao yalikuwa madogo mno kwa mnunuzi wa nje, na hakuna ofisa wa CITES popote duniani ambaye kazi yake ingemfikisha kwenye rundo lile. Sitamlaumu mama yule hata kidogo, wala mwenye jarife. Kumwambia mvuvi mdogo aache kutega bila kumpa njia nyingine ni kumhamishia yeye gharama ya kosa ambalo wenye mabwawa, wenye mashamba na wenye meli za kukokota nyavu hawajaulizwa habari zake.

Hata hivyo kibali kipya kinatoa nafasi ambayo haikuwapo. Mamlaka ya kisayansi inapotakiwa kuthibitisha kwamba biashara haidhuru, inalazimika kujua papa wangapi wanazaliwa na wapi, na haiwezi kulijua hilo kwa kupima mapezi. Ningependa bonde la Rufiji, bonde la Tana na bonde la Ruvuma yawe na mtu wa uvuvi katika meza inayoamua maji yafunguliwe lini, na mtu wa maji katika meza inayotoa maoni juu ya kibali cha papa. Ningependa pia majira ya kutotega jarife katika milango ya mito yapangwe pamoja na vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, kwa mwezi mmoja au miwili ambayo wao wenyewe wataitambua kuwa ya kuzaa, na iambatane na fidia au kazi mbadala, kwani sheria ya kufunga isiyo na chakula ndani yake huvunjwa usiku. Haya hayahitaji kusubiri fedha nyingi. Waandikaji wa takwimu za uvuvi wanaokaa madikoni tayari hupima urefu na uzito wa samaki. Waongezewe safu mbili tu katika daftari: papa alitoka mlango wa mto upi, na kovu la kitovu liko wazi au limefunga. Kovu hilo hufunga majuma machache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo daftari la miaka mitatu litaonyesha mito ipi ina watoto, mwezi gani wanazaliwa, na mwaka upi mafuriko hayakufika nao hawakuonekana.